Mzigo wa Majaribio

Nilisomea uhandisi wa mitambo, lakini ni miaka mingi sijashika spana. Kazi yangu ni kusimamia mikataba: nani alipaswa kufunga pampu, lini, na alaumiwe kwa kifungu gani. Wanaoniita injinia wananihurumia tu.

Mvua zilipozidi nilikuwa nje kidogo ya Garsen, kwenye kituo cha afya, nikijaribu kukabidhi mochari tuliyoijenga. Chumba cha baridi kilikuwa tayari. Kilichobaki ni kukijaribu kikiwa na mzigo, na mkataba uliruhusu mzigo huo uwe mitungi ya maji. Mkaguzi wa serikali, mtu asiye na haraka hata ya chai, alikuwa bado anaikagua mitungi.

Asubuhi hiyo akaja mkulima Mpokomo na mwili wa mama yake, aliouvusha mto kwa mtumbwi. Majirani zake Waorma huzika siku hiyohiyo, lakini yeye aliwangoja ndugu zake kutoka Nairobi, nao walikuwa wamekwama njiani, Madogo, barabara imekatwa na maji.

"Mochari ya Malindi je?" nikamuuliza.

"Nikimpeleka Malindi nitamrudishaje na mafuriko haya? Na nyinyi baridi mnayo. Naisikia inanguruma."

Baridi tulikuwa nayo. Shida ni kwamba kwa mkataba wetu, mwenye jengo, yaani serikali, akianza kulitumia, amelipokea. Kwa hiyo nilipomtetea yule mama, mkaguzi aliona mkandarasi anayetafuta njia ya mkato. Hakukosea sana. Nilikuwa nimechoka, nilitaka kwenda nyumbani, na huruma yangu ilikuja na faida yake.

"Injinia, leo umekuwa mchungaji?" akaniuliza.

"Tuandikiane kwamba hamjapokea."

"Niandike kwa mamlaka ya nani? Mimi nimetumwa kukagua."

Sista msimamizi wa kituo alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Nyinyi wazee, jua linapanda. Si mlisema majaribio yenu yanataka mzigo? Huu hapa. Jaribuni."

Mkaguzi akavua kofia. Majaribio si matumizi. Hata yeye hakupata kifungu cha kupinga. Akamwomba mkulima ruhusa, kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuionja.

"Mradi asiharibike," mkulima akasema, "pimeni mtakavyo."

Tukawa walinzi wa kipimajoto. Umeme ulipokatika, sote tulisimama tukisikiliza, mkaguzi akiwemo, mpaka jenereta ikashika. Mkulima alikaa kwenye kivuli cha ukuta, na kila nilipopita aliuliza, "Namba bado iko chini?"

"Iko chini, ndugu yangu."

Katika kazi yangu yote, sijawahi kusoma namba iliyotakiwa na mtu kiasi hicho.

Ndugu zake walifika maji yalipopungua, matope hadi magotini. Joto halikuwa limepanda. Mkaguzi akanipa mkono, na nakiri nilijisikia vizuri. Ndipo binti wa mwisho wa marehemu akaweka kiganja kwenye shavu la mama yake, akakiondoa upesi.

"Mbona baridi hivi?" akaniuliza mimi, kwa kuwa ndiye niliyeshika ufunguo.



"Alikuwa anakungoja wewe," mkulima, kaka yake, akamwambia, akakishika kile kiganja katikati ya mikono yake, akakisugua mpaka kikapata joto.