Kuoga Si Kuoshwa

Ukumbi wa chama cha akina mama pale Garsen uliezekwa mabati bila dari, na madirisha tuliyafunga ili wanaume wapitao wasituchungulie. Saa nane mchana, wanawake wakiwa wamemaliza kupika na kuswali, humo ndani mlikuwa tanuri. Mwalimu wangu wa yoga, mama wa Kihindi kutoka Mombasa ambaye mumewe alikuwa mhandisi wa barabara, alifurahi kupita kiasi. Aliniambia kwamba ng'ambo kuna watu wanaolipa wapashiwe joto chumbani ili wafanye yoga humo, kwa sababu joto hulegeza misuli. Nilimcheka. Mtu alipie joto? Aje Garsen, tutampa mpaka aombe msamaha.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, msimu uliofuata yale mafuriko makubwa, na sidhani kama kulikuwa na mgongo usiouma mji mzima. Wanawake walikuwa wamebeba watoto, mbuzi na masufuria kukimbilia penye miinuko, kisha wakarudi kulima upya. Mimi nilitoka Ngao, nimemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo sitazitaja hapa, na kazi yangu ilikuwa kumtafsiria mwalimu, aliyefundisha kwa Kiingereza. Neno lenyewe lilinishinda tangu mwanzo. Nilisema "yoga", wakasikia "koga", na wawili wakaja kesho yake na sabuni. Nilijaribu kuwasahihisha, nikaacha. Mtu aliyetoka ukumbini mle, leso imemganda mwilini kwa jasho, kwa kweli alikuwa ameoga.

Kisha mkataba wa yule mhandisi ukaisha. Mwalimu alikwenda Mombasa wiki mbili kutafuta nyumba, na kabla ya kuondoka alinieleza bila kuzunguka. Akirudi akikuta wanawake kumi mikekani, darasa litakuwa langu. Wasipofika kumi, chama kitageuza ukumbi kuwa ghala la mpunga. Nilijibu "sawa" kwa sauti ya mtu jasiri. Moyoni nilijiona nimerudi Ngao, nimesimama shambani nafukuza ndege kwa kupiga kopo.

Siku yangu ya kwanza walikuja kumi na wanne. Nilisahau mguu wa kushoto mara mbili, ikabidi wao ndio wanikumbushe, lakini tulifika salama hadi mwisho, pale ambapo mtu hulala chali, viganja juu, bila kusogea. Mkao huo una jina la Kihindi, nami siku zote nilikuwa nikilitafsiri "laleni mpumzike". Siku hiyo nikataka kuonyesha kwamba nimesoma. Maana yake kamili ilikuwa kwenye karatasi alizoniachia mwalimu, nikaitamka kwa madaha.

"Sasa laleni kama maiti."

Hakuna aliyelala. Bibi mmoja, mzaliwa wa Kipini aliyeolewa Garsen tangu ujana wake, akaanza kukunja mkeka. Huyo ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike pale mjini. Kila mmoja mle ndani alikuwa na mama, dada au shangazi aliyepitia mikononi mwake.

"Siye tumekuya koga, mwanangu," alisema. "Hatukuya koshwa."

Akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Sina cha kujitetea. Kwetu Ngao pia anayeoga ni mzima na anayeoshwa ni marehemu. Ilikuwa kiherehere changu tu.

Darasa lililofuata walikuja wawili. La baada yake hakuja mtu. Nilikaa peke yangu juu ya mkeka nikalia, tena kwa hasira, kwa sababu nilimwona yule bibi ameniharibia maisha kwa neno moja. Ilinichukua siku mbili kukubali kwamba neno lile lilikuwa langu. Nikameza kiburi, nikaenda kwake. Nilimkuta uani anachagua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuya kuniosha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwomba radhi, maneno yakinigongana mdomoni, naye akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mwishowe akaniuliza kule kulala ni kwa nini hasa. Nikamweleza kwamba mwili umefanya kazi, umetoka jasho, sasa unaachwa utulie na kupoa.

"Mwosha huoshwa, hilo nalijua kukushinda," alisema. "Lakini si leo, wala si na wewe. Mbona usitwambie tulale kama mtu aliyetoka koga?"

Neno hilo nilikuwa nalo tangu siku ya sabuni, nikahangaika kama mtu anayetafuta leso aliyojifunga kiunoni. Jioni hiyo nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzake.

Siku mwalimu aliporudi alikuja moja kwa moja ukumbini, akasimama mlangoni na mkoba wake begani. Nilihesabu vichwa. Tisa. Nilianza hivyo hivyo, na tulikuwa tumeshainua mikono pale bibi wa Kipini alipoingia na mkeka wake, bila haraka, akatandika mbele kabisa. Nusura nimkumbatie.

Tulipofika mwisho nikasema, "Laleni kama mtu aliyetoka kuoga." Wakalala wote kumi. Bibi alitulia kuliko wote. Alitulia mno, mdomo wazi kidogo, nami nikaanza kuingiwa na hofu kwa joto lile na umri ule. Nikapiga magoti, nikainamisha sikio karibu na pua yake.

"Ni mzima mimi, mwalimu," alisema, macho yamefumba.

"Naam?" mwalimu wangu akaitika kutoka mlangoni.

Bibi akafumbua jicho moja.

"Si wewe," alisema. "Namwambia huyu."

Pumzi niliyoibana wiki mbili nzima ikanitoka, nikaketi.