Bwana Rudia na Lori la Ntobeye

Babu yangu nilimwona kwa mara ya kwanza ukutani. Kijana kuliko mimi, anacheka.

Na mkononi nilikuwa na risala ya kumsifu mtu aliyempiga picha hiyo.

Ngoja nieleze.

Theonest alikuwa mtengeneza filamu asiye na bosi. Kamera yake, gari lake bovu, pesa za kuungaunga. Miaka ya sabini alitengeneza filamu saba, zote Ngara na Biharamulo, waigizaji wake wanakijiji. Kijijini kwetu Ntobeye walimwita Bwana Rudia, maana hakuna kitu alichokubali ukifanye mara moja.

Enzi za kuhamia vijiji vya ujamaa, aliezua nyumba ya bibi yangu Eufrazia, akapiga picha, jioni wakaiezeka upya. Kwenye filamu ya harusi, jirani yetu Scholastika aliolewa na mwanamume asiye wake, rudia, rudia, kisha akarudi kwa mumewe kupika ndizi.

Watu wakazoea. Kwa Bwana Rudia, kila kitu kinarudishwa kilipokuwa.

Mwaka jana vijana wa Ngara tukaandaa siku ya kumuenzi. Filamu zote, ukumbi mzima. Mimi nina stashahada na mdomo usiolala, risala nikapewa mimi. Nikaipamba kwelikweli.

Bibi alikataa kuja.

"Nikaone nini? Mtu aliyenikimbia?"

Hivyo ndivyo alivyomwita Babu Privatus. Vita vilipoanza, mwaka 1978, Bibi alikuwa na mimba ya mama yangu, amelala na homa. Babu akamuaga, anaenda kwenye picha ya Bwana Rudia, anarudi jioni.

Hakurudi. Akafia vitani.

Majirani walimwambia Bibi walichokiona: alipanda lori la wapiganaji mwenyewe, tena anacheka. Tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani.

"Basi njoo umsute kwenye picha," nikamwambia.

Akaja.

Filamu ya saba. Vijana wamejaa juu ya lori. Lori linaondoka. Babu anacheka.

Kisha hacheki.

Anageuka, anagonga kichwa cha lori kwa kiganja. Anagonga. Anagonga. Juu ya picha yamewekwa matarumbeta, na sauti ya Theonest inasema, "Shujaa anapiga ngoma ya ushindi."

Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Bibi hakupiga.

"Anaomba kushuka," akasema.

Makofi yakakatika. Mle ndani kila mtu amewahi kupanda lori la mnadani. Ukifika kwenu unagonga, dereva anasimama. Kitu tunachokijua tangu utotoni, na tulikuwa tunakishangilia.

Bibi akamgeukia mzee aliyekaa kiti cha mbele.

"Theonest. Uliwaambia watashuka?"

Mzee akakohoa. "Mama, kuagana hakuigiziki. Walipanda wakashuka, wakapanda wakashuka, sura zimelegea, wanataniana tu. Lori lilikuwa linatafuta watu. Mimi nilikuwa natafuta sura."

"Nimekuuliza, uliwaambia watashuka?"

"Niliwaambia."

"Na dereva?"

"Dereva nilimwambia safari hii asisimame. Ndiyo picha yangu bora, mama. Kila nilikoipeleka watu wamelia."

Alisema hivyo kama fundi anayeeleza alivyochonga mlango.

Mshereheshaji akanigeukia, jasho linamtoka. "Dada, risala."

Nikasimama. Kurasa zote zile, maneno niliyoyachagua moja moja kama mchele.

"Sina risala," nikasema.

Bibi alikuwa ameshainuka, anatembea kuelekea ukutani.

"Rudia," akamwambia kijana wa mashine.

Kijana akamtazama Theonest. Theonest akatazama chini. Picha ikarudiwa.

Lori likaondoka tena. Babu akagonga tena. Bibi akaweka kiganja ukutani, juu ya kiganja cha Babu.

"Babu yako hakunikimbia," akaniambia.

Kabla ya siku hiyo sikuwahi kumsikia akimwita babu yangu.

Wewe unayesoma hapa, nakuomba kitu kimoja. Ukimwona mtu anagonga kwa nguvu na pembeni kuna anayekuambia ni furaha, shusha mikono yako. Muulize mgongaji kama amefika kwao.