Mita Haina Shemeji

Shangazi yangu hakumwamini mtu. Ukimsalimu, aliangalia mikono yako kwanza. Katika karakana yake ya kushona sare za shule, chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa na alama ya wino kwenye kifuniko, ajue nani kakifungua. Sukari ya chai nayo aliichora juu kwa ukucha. Aliyepita bila kupekuliwa alikuwa mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, aliyeendesha gari la karakana kwenda kiwandani kuchukua vitambaa.

Mpaka yalipokuja matairi.

Ya zamani yalipokwisha, fundi wa magari alimwonyesha namba zilizoandikwa ubavuni, akamwambia anunue saizi hiyo hiyo. Shangazi akashtuka. Kwa nini lazima hiyo? Bila shaka anayo stoo, yamemdodea. Akaenda duka jingine, akachukua madogo kidogo yaliyoingia kwenye ringi zile zile. Gari likawa limechuchumaa kama kuku anayeatamia, lakini lilikwenda.

Hazikupita siku nyingi, akaanza kuchungulia mita ya kilomita kwenye dashibodi.

"Shemeji, kiwanda kimehamishwa?"

"Kimehamishwa wapi?"

"Ndiyo nakuuliza. Safari ile ile, kilomita zimeongezeka."

"Labda barabara imenenepa," akajibu shemeji, huku akishusha majora ya vitambaa.

Shangazi hakucheka. Tangu hapo, gari likirudi, aligusa boneti kuona ina joto kiasi gani, kisha akanusa kiti cha abiria. Siku moja aliokota unywele pale kitini, akaniita niushuhudie. Ulikuwa uzi mweusi.

"Uzi wa nani?" akauliza, nyuma yake cherehani zote zikinguruma.

Mwishowe alimkabili mbele ya mafundi wote. "Una nyumba ya pili huko njiani?"

"Shemeji, hata ya kwanza inanishinda."

"Usinichekeshe. Mimi naiamini mita. Mita haina shemeji."

Uso wa shemeji ukabadilika. Akaweka funguo juu ya meza ya kukatia. "Basi mita ikuendeshee," akasema, akatoka. Alikuwa amemzika kaka yake akiwa bega kwa bega na shangazi. Sasa hata salamu hakuacha.

Kesho yake shangazi aliendesha mwenyewe, mimi pembeni kama shahidi. Hatukusimama popote. Tulipofika kiwandani, akasoma mita, akasoma tena. Kilomita zilikuwa zimezidi vile vile alivyomshitakia shemeji. Akanigeukia. "Wewe ulikuwa unanisemesha. Nimekosea kona."

Sikuwa nimefungua mdomo.

Wakati wa kurudi alipunguza mwendo kwenye kila kibao cha kilomita kando ya barabara. Kabla hatujafika kwenye kibao, mita ilikuwa imeshamaliza kilomita yake na kuanza nyingine.

"Vibao vimehamishwa," akanong'ona.

Akasimamisha gari, akashuka, akachutama mbele ya gurudumu na kulipima kwa mikono kama anavyopima kiuno cha mteja.

"Bobini ndogo," akasema taratibu. "Uzi ule ule, inazunguka zaidi." Mita, kumbe, ilikuwa ikihesabu mizunguko ya gurudumu. Akainua macho. "Na haya yalinunuliwa na nani?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi.

Niliangalia barabara.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa shemeji, akanyoosha funguo.

"Nyumba ya pili ilikuwa ya matairi," akasema. "Nisamehe, shemeji. Narudi kwa fundi wa kwanza kuchukua saizi yake."

Shemeji alizitazama funguo bila kuzipokea. "Na mita?"

"Mita imefanya nini?"

"Uifunike. Siendeshi gari lenye mpelelezi."

Shangazi alishona kifuniko cha mita mwenyewe, kwa masalio ya sare, kikaziba tarakimu za kilomita tu. Shemeji alirudi kazini. Gari likiingia uani, mkono wa shangazi bado hukimbilia boneti. Akimwona shemeji anamtazama, hujifanya anafuta vumbi.