Dereva wa maharusi njia panda: Abaki na Bi Mkubwa au amlete Bi Mdogo?

Umande bado uko juu ya boneti. Mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi anakaa nyuma ya usukani wa gari jekundu la milango miwili, anakanyaga breki na kutega sikio. Anashuka, anainama kuchungulia kila tairi, anarudi ndani, anakanyaga tena.

"Hiyo ni mara ya ngapi, Baba Pacha?" mkewe anauliza akiwa mlangoni, pini za kushonea zimebanwa kati ya midomo.

"Ya mwisho," anajibu.

Si ya mwisho. Mwandishi wa makala haya anamshuhudia akikanyaga mara nyingine nyingi kabla chai haijapoa.

Gari hili ni la spoti, lilitengenezwa kwa ajili ya kukimbia. Lakini mwenye gari mtaa mzima unamwita Taratibu, maana kwa miaka kumi na tisa amelitumia kupeleka maharusi, na mwendo wake ni wa mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye baiskeli.

"Bibi harusi hana haraka," anasema. "Ukikimbia, shela inapepea, nywele zinavurugika, na mama yake hakusamehi mpaka kaburini."

Gari lenyewe linaitwa Bi Mkubwa. Jina hilo alilitoa mkewe, siku alipomkuta mumewe analiosha kabla hajamwamkia yeye. Sasa majirani wamepata utani mpya. Wanasema Taratibu yu mbioni kuongeza mke.

Huyo Bi Mdogo yuko kwenye yadi ya magari upande wa pili wa mji. Naye ni wa spoti, rangi ya fedha, mdogo kwa Bi Mkubwa kwa miaka mingi. Muuzaji amekubali kumshikia hadi kesho, Ijumaa. Na Jumamosi kuna harusi.

"Nikimwacha Bi Mkubwa, nimemwacha aliyenilelea watoto," Taratibu anasema huku akifuta kioo ambacho tayari ni safi. "Nikibaki naye, naogopa."

Anaogopa nini? Anahamia kioo cha upande wa pili.

Hakuanza na maharusi. Alikuwa dereva wa lori la saruji katika kampuni ya ujenzi. Mhandisi mmoja pale kazini, kapera aliyekuwa akihamia mbali, alimuuzia gari lake kwa bei ya kuondokea. Siku alipoliingiza uani, watu walicheka hadi wakashika mbavu. Dereva wa saruji na gari la kitajiri! Maskini akipata, walisema, matako hulia mbwata.

Mwaka huohuo binti wa jirani alikuwa anaolewa, na gari lililokodiwa halikutokea. Shangazi mtu alikuja mbio, kanga mkononi, akagonga dirisha: "Baba Pacha, tuokoe!" Aliwaokoa. Wiki iliyofuata wakaja wengine wawili, na baada ya muda akaliaga lori.

Kwa kazi hiyo amewasomesha mapacha wake, wa kike na wa kiume. Mkewe, fundi cherehani, hushona magauni na kufunga riboni kwenye boneti. Zamani walikuwa wakipata harusi nne kwa mwezi. Siku hizi wakipata moja wanashukuru.

"Wateja wanaomba picha kwanza," anaeleza mkewe. "Tukituma, wanauliza: hamna lenye sura mpya? Kama wanachagua viatu."

Adhuhuri, sebuleni, kati ya vitambaa vyeupe vilivyotandazwa hadi chini ya meza, mwandishi anamuuliza Taratibu tena juu ya ule woga. Cherehani inalia. Anamtazama mkewe, kisha sakafu.

"Harusi iliyopita," anaanza. "Pale kwenye mteremko wa kushukia ukumbini. Nilikanyaga breki, mguu ukazama kama nimekanyaga tope. Hakuna kitu."

Cherehani inanyamaza.

"Nikarudisha gia chini. Nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, maana ukivuta yote gari linageuka. Mbele kuna watu, kuna ngoma, kuna watoto. Likaja kusimama kwenye ukingo wa barabara. Bibi harusi kando yangu alikuwa anajitazama kwenye kioo. Akaniambia, 'Asante baba, umeendesha vizuri.' Nikashuka kumfungulia mlango."

Mkewe anavua miwani.

"Na wewe ukarudi hapa, ukala, ukaniambia harusi ilifana."

"Ilifana, Mama Pacha."

"Yule binti nilimshonea gauni mimi. Nilimfunga vifungo kwa mikono hii, nikamkabidhi kwako." Anainua mikono yote miwili. "Kwako, Baba Pacha."

Mama Pacha anakunja kitambaa, anajitanda mtandio. "Inuka. Twende kwa fundi, nikasikie kwa masikio yangu."

Gereji haiko mbali, ni uwanja wenye udongo mweusi kwa oili. Fundi wao, mwanamume mfupi mwenye kofia ya sufu, amelishughulikia gari hilo tangu lilipofika. Mama anamuuliza moja kwa moja: breki zimepona?

"Shemeji, sikufichi," fundi anasema, akijifuta mikono kwa tambara. "Pampu ya breki ya gari hili haitengenezwi tena. Niliyoifunga nimeitoa kwenye gari la aina nyingine, nikaichonga mpaka ikakubali. Leo inashika. Kesho, mimi si Mungu."

"Na hilo jipya?"

"Hilo nalo lina maringo yake. Hili likiumwa linakohoa kwanza, linavuja, linanuka. Lile linanyamaza, siku likigoma linataka kompyuta."

"Breki hazikukohoa," Taratibu anasema kwa sauti ya chini.

"Kweli, mzee. Hazikukohoa."

Ijumaa asubuhi mume na mke wako yadi. Taratibu anakaa ndani ya gari la rangi ya fedha kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha bosi. Taa zinawaka kila upande wa dashibodi. Kitu kinalia pii, pii, pii.

"Kinataka nini hicho?"

"Mkanda, mzee wangu," kijana wa yadi anacheka. "Funga mkanda."

Wanazunguka barabara ya nyuma. Anapogusa breki, gari linasimama ghafla hadi mama anashika dashibodi. Anajaribu tena, polepole, na tena. Jasho linamtoka ingawa dirisha liko wazi. "Mguu wangu haulijui," anasema. "Ni kama kupeana mkono na mgeni."

Bei yake ni karibu mapato ya harusi za miaka mitatu. Akiba aliyo nayo inafika robo tatu. Kilichobaki, kijana wa yadi yuko tayari kufidia kwa kulichukua lile jekundu.

"Lina tatizo la breki," Taratibu anamwambia.

Kijana anatazama kushoto na kulia. "Mzee wangu, hayo tusiyaongee. Rangi inang'aa. Kuna vijana wanayatafuta sana haya. Wiki haiishi litakuwa limeondoka."

"Linaondoka na nani?"

"Na mnunuzi."

"Mnunuzi ana mama," Taratibu anasema. Anamwomba aandike kwenye karatasi za mauzo kwamba breki ni mbovu na kwamba gari lisiingie barabarani. Kijana anaguna, anakwenda kwa bosi wake, anarudi. Kwa masharti hayo watalichukua kama chuma na vipuri tu. Taratibu anakubali, lakini pengo dogo linabaki.

Mama Pacha anavuta pumzi. Alikuwa akiweka fedha za cherehani ya pili, ya umeme. "Itasubiri," anasema. "Hii ya kukanyaga bado ina miguu."

Limebaki la Jumamosi. Funguo mpya ziko mfukoni, lakini Taratibu anakataa katakata kumbeba binti wa watu kwa gari asilolizoea. Anampata dereva mwenzake mwenye gari kubwa jeusi la milango minne, kisha anampigia mama mzazi wa bibi harusi.

Anaeleza yote, hafichi hata la mteremkoni. Sauti upande wa pili inapanda hadi sisi tulio kando tunaisikia.

"Harusi kesho, baba! Kesho! Binti amechagua maua ya kufanana na gari jekundu! Umenyamaza mwezi mzima halafu unaniambia leo?"

"Nimekosa, mama. Ningesema mapema."

Simu inakatwa. Anabaki ameishika sikioni. "Ana haki," anasema baadaye. "Angenitukana zaidi ningenyamaza."

Jioni, Taratibu anaingiza gari jipya mtaani, mkewe kando yake, mwendo ni uleule wa trei ya mayai. Nyuma yao pikipiki na magari yanapiga honi kwa hasira. Majirani wanatoka na vigelegele vya mzaha.

"Mama Pacha, mwenzio kaja?" mmoja anapaza sauti.

"Kaja," anajibu akishuka, "na mahari nimetoa mimi."

Mtaa unaangua kicheko. Taratibu anacheka kidogo, halafu anarudi ndani ya gari, anakanyaga breki.

Kwa mwezi mzima, anasema, hatapokea harusi. Kila asubuhi ataendesha peke yake: milimani, sokoni, na mvua ikinyesha atafurahi, kwa sababu anataka kulijua gari likiwa kwenye maji.

Mwezi huo anautumia kwa kusudi ambalo hajalitangaza mtaani. Mwishoni mwa mwaka binti yake, yule pacha wa kike, anaolewa. Ameshasema hataki dereva mwingine.

"Amenipigia simu, ananiuliza, 'Baba, utaogopa?'" anasimulia, mikono yote miwili juu ya usukani. "Nikamwambia, nitaogopa, mwanangu. Ila nataka woga wote niumalize mimi na hili gari, huku barabarani, kabla wewe hujapanda."