Siku Sadiki Alipotoa Vitu Nje

Sadiki Nanjota aliendesha lori la korosho miaka mingi, na kila safari alirudi Nachingwea na kitu ambacho mwenye nacho alikuwa amekichoka: pasi ya mkaa isiyo na mpini, redio ya kasha la mbao iliyokwisha kunyamaza, chemli, santuri zenye mikwaruzo, stempu na sarafu za zamani. Alipostaafu akapanga chumba karibu na soko, akaandika kwenye kibao cha juu ya mlango kwa mkono wake: HAZINA YA KALE. Mkewe, Mama Samia, alikitazama kibao kile, akashukuru kwamba nyumbani sasa kuna nafasi, akaenda zake Ruponda kuvuna ufuta.

Sadiki alijiona mtaalamu. Aliwaambia watu kwamba hakuna kitu dukani mwake asichojua kilipo, na kweli alijua. Kazi ilikuwa kukifikia. Vitu vilipandana hadi darini, na katikati alikuwa amebakiza kijia kilichomtosha enzi zile alipokuwa mwembamba. Wateja walisimama mlangoni wakionyesha kwa kidole.

Ndipo akaja mwalimu mmoja kutoka Ruangwa, akiulizia stempu. Sadiki alimwambia asubiri, akajipenyeza kiubavu kwa mbwembwe zote. Alipofika kati ya kabati la mninga na rundo la vyerehani vibovu, tumbo likagoma kwenda mbele, likagoma na kurudi nyuma. Akatulia kidogo, akijifanya anatafuta. Akauliza habari za mavuno huko Ruangwa. Mwisho ikabidi aombe msaada, na yule mwalimu, mtu wa heshima na shati lake jeupe, akamshika mkono na kumvuta mpaka akang'oka kama muhogo, vumbi mwili mzima. Mwalimu akampa pole, akaondoka bila stempu.

Valentina, fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyaona yote lakini hakucheka mbele yake. Sadiki aliihesabu hiyo kuwa adabu kubwa, mpaka aliposikia cherehani kimenyamaza na mtu anapigapiga ukuta kwa kiganja upande wa pili.

Kesho yake asubuhi akaamua kutoa kila kitu nje, afute vumbi, apange upya, arudishe kinachoenea tu. Jua lilipopanda, vitu vilikuwa vimejaa kibarazani hadi ukingo wa barabara, naye ameketi katikati yake, amevaa singlendi, redio mapajani, akiiuliza kwa upole kwa nini abaki nayo.

Hakujua anavyoonekana. Mtu aliyekaa barabarani katikati ya vyombo vyake, watu humwelewa kwa namna moja tu. Wapita njia wakaanza kumsalimu kwa sauti ya chini. Wengine wakampa pole, naye akadhani ni pole ya kazi, akaitika kwa furaha kwamba ameshapoa. Kina mama waliotoka sokoni wakamwachia mihogo ya kuchemsha. Akaila yote, akijisifu moyoni jinsi mji unavyothamini mtu mchapakazi.

Bodaboda wakaisafirisha habari. Ilipofika Nkowe, kwa dada yake mkubwa Mwamini, Sadiki alikuwa ametupiwa vitu nje na mwenye nyumba na ameshaanza kuongea na redio. Alasiri ikaja pikapu ya kukodi, Mwamini amekaa mbele na chupa ya uji.

"Shikamoo, dada. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Usione aibu, mdogo wangu. Chumba kipo, nimeshakifagia."

Hapo ndipo Sadiki alipoielewa ile mihogo. Kwa muda mfupi akaona heri kufukuzwa na mwenye nyumba kuliko kusema ukweli. Valentina akamsaidia, kama huo ulikuwa msaada.

"Hajafukuzwa, mama. Anapanga duka. Jana alinasa humo ndani."

Mwamini alimtazama mdogo wake, akalitazama tumbo lake, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alipomaliza akajifunga kanga kiunoni, akasema pikapu haiwezi kurudi tupu. Kitu ambacho Sadiki atashindwa kumtaja mnunuzi wake, kinapakiwa. Sadiki akaitetea ile pasi isiyo na mpini kama wakili, mpaka akajisikia mwenyewe anavyoongea, akaipakia kwa mikono yake. Lile kabati la mninga likaondoka pia. Chemli zikatundikwa darini, redio zikapangwa ukutani kwa ukubwa, stempu na sarafu zikakaa kwenye meza ya mlangoni, na sakafu, ambayo Sadiki alikuwa ameshaisahau rangi yake, ikaonekana.

Siku zilizofuata alizunguka mjini akieleza kwamba hakufukuzwa na mtu. Watu walimsikiliza kwa huruma na kuitikia ndiyo, ndiyo, kisha wakaja dukani mmoja mmoja kumwinua kwa kununua chochote. Sasa waliweza kuingia, kuzunguka, na kuona vizuri jinsi hazina ilivyo. Mama mmoja akachagua birika la bati. Sadiki akamwonyesha tundu chini yake, akamwambia kwa uaminifu kwamba linavuja.

"Najua, Baba Samia," yule mama akasema taratibu. "Lifunge tu."

Akalifunga kwenye gazeti.