Boti Iliyopanda Newala

Serikali ilipofungulia biashara ya nje, watu walileta vitu vya kila namna. Mume wangu alileta boti. Boti ya faiba, kuukuu, ilipanda lori kutoka Mtwara hadi kwetu Newala, juu huku kusiko na mto, ili tukingie maji ya mvua. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yamechoka kushuka bondeni na ndoo.

"Mimi sinywi maji ya samaki," akasema, kaziba pua.

Kweli ilinuka. Chini ilikuwa imegandwa na vikome vigumu, makombe madogo ya baharini, na ukoga wa kijani na madoa ya kutu. Tukaipindua. Nikaanza kuisugua kwa mchanga, kama tunavyosugua masufuria, ikachubuka, nikaacha. Basi nikabandua vikome kwa kibao, kimoja kimoja, na madoa nikayapaka ukwaju mzito mpaka yakalainika. Bahari sijaiona hadi leo. Lakini vikome vilipokuwa vikidondoka kwenye vumbi jekundu, niliona kama uwanja unaelea taratibu, na mikorosho nayo inaelea.

Jirani akapita. "Mama, safari lini?"

"Ukijua kuogelea, nitakuambia."

Tukaigeuza tena, ikatazama juu. Mvua ya kwanza tuliimwaga. Ya pili ikajaa. Mama mkwe akachota kwa kata, akaonja.

"Mkamwana, nipe ndoo yangu."

Nikajua anakwenda bondeni. Akaipokea ndoo, akaifudikiza pale kando ya boti, akaikalia, akachota tena.