Mkulima wa Kwenye Mashine ya Isikeli

Mtu akiniambia kwamba hapendi gemu yoyote, simwamini. Wote wanapenda, ila wengine wanaficha. Mimi natengeneza mashine za gemu hapa Suva, mji mkuu wa Fiji, kibanda changu kiko nyuma ya soko, na kila mashine inayoletwa mezani kwangu naiwasha kwanza kabla sijaifungua. Hapo namwona mwenyewe alivyo. Yuko mzee wa kanisa anayeua watu kwa risasi kutwa nzima. Yuko mwalimu mkali wa hesabu ambaye starehe yake ni kuwavisha wanasesere magauni na kuwasuka nywele. Tukikutana barabarani wana Biblia kwapani, tunasalimiana vizuri tu, bula, bula. Lakini nakaa chonjo.

Isikeli ndiye mteja pekee ambaye sikuwahi kumshuku. Alipenda mbio za magari, basi. Kazi yake ni kuchomelea vyuma kwenye karakana ya meli pale Walu Bay, ni mtu mpole, mgumu wa maneno, na hajawahi kumiliki gari. Alipokuwa kijana alitoroka shule akaenda kwenye ukumbi wa gemu karibu na bandari, ambako palikuwa na mashine yenye usukani, na mwenye ukumbi alimtoa kwa kumshika ukosi. Utu uzimani kaka yake wa Brisbane akamtumia mashine ya nyumbani yenye usukani wake. Akiushika usukani ule upole unamtoka. Anainama kwenye kona mwili mzima na kuwatukana madereva ambao hawapo duniani.

Gemu nyingine zote aliziona upuuzi. Ndani ya mashine ile mlikuwa na moja ya kilimo, ambayo kaka yake aliwanunulia watoto wake kabla hajamtumia mashine.

"Unapanda nyanya, unangoja," aliwahi kuniambia. "Unamwagilia, unangoja tena. Sasa fundi, hiyo ni gemu au kifungo?"

Ila na yeye alikuwa na wasiwasi wake. Kwetu ndugu akikuomba kitu, kumnyima ni aibu. Ndiyo kerekere yenyewe, na imehamisha redio na majiko mengi kutoka nyumba hadi nyumba. Isikeli akisikia sauti ya ndugu uani, anausukuma usukani chini ya kitanda na kujikausha kama mtu aliyekuwa anasoma gazeti. Aliamini kila mgeni ameufuata huo. Sikumlaumu, maana wengi wao waliufuata kweli.

Siku moja alikuja kibandani na mashine ameifunga kwenye sulu ya zamani, kile kitambaa chetu cha kujifunga kiunoni.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Nzima kabisa. Washa uone."

Nikawasha. Juu kabisa, mahali ambapo mashine huonyesha gemu iliyochezwa mwisho, hapakuwa na magari. Palikuwa na ile ya kilimo. Nikaifungua, tukaona shamba. Halikuwa shamba la kuchezea: maboga, kabeji na mahindi kwa mistari iliyonyooka, uzio mzima pande zote, na katikati amesimama mwanamume mwenye kofia pana na ndoo mkononi.

"Nani huyu?" Isikeli akauliza kwa sauti ya chini.

"Mchezaji ndiye huchagua mtu wake," nikasema. "Binti yako Litia je?"

"Litia yuko shule. Tena angalia saa."

Nikaangalia. Shamba lililimwa asubuhi, siku za kazi, Isikeli akiwa Walu Bay. Machale yakanicheza. Nikavuta kiti, nikaanza kulisoma lile shamba. Aliyelipanda hakuwa na haraka, kila shina aliliachia nafasi ya kutosha. Hakuuza hata boga moja. Mazao yote aliwagawia majirani wa humo ndani ya gemu, nyumba kwa nyumba.

"Ni mwanamume mwenye muda," nikamwambia, "mwenye subira, na anayejua kugawa zawadi. Hao ndio wabaya."

Isikeli aliifunga mashine kwenye sulu, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Mama Litia umemuuliza?"

"Nimemuuliza nani anacheza gemu yangu. Akainamia sufuria, akacheka. Ananiambia labda paka."

"Paka gani?"

"Ndiyo na mimi nikamuuliza. Akasema paka wa mjini."

Nilimjua Mereoni, mke wake, kwa kumsalimia tu. Mwanamke mcheshi, mwepesi wa jibu. Lakini anayekujibu kwa mzaha unapouliza jambo la nyumba yako ana kitu nyuma ya mzaha huo, na nilimwambia hivyo mume wake.

"Na mama mkwe wako?" nikauliza. "Si yumo ndani kutwa? Yeye ataona anayeingia na anayetoka."

Akanitazama kama vile nimemwambia avue nguo kanisani. Bibi Torika, mama yake Mereoni, alikuwa ameletwa kutoka kisiwa cha Kadavu kwa sababu ya mguu uliooza kwa sukari, akawekwa chumba cha nyuma chenye pazia. Tangu siku ya harusi yeye na Isikeli hawajasemezana hata neno moja. Si ugomvi, ndiyo heshima yenyewe. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, bibi anatoka kwa wa nyuma. Bibi akitaka majani ya chai, anamwambia binti yake, binti anamwambia mume.

"Basi nitamuuliza mimi," nikasema.

"Umuulize mama mkwe wangu kama binti yake ana mwanamume? Fundi, una akili timamu wewe?"

Shahidi yuko, ila hana wa kumuuliza.

Wiki zile Isikeli alibadilika. Alikula chakula cha mke wake huku akimwangalia mikono. Kila jioni, kabla ya kunawa, aliwasha mashine kuangalia shamba, na kila jioni shamba lilikuwa limekua. Mara mti wa matunda. Mara kuku. Jioni moja akakuta pameongezwa benchi la watu wawili mbele ya kibanda, akakimbilia kwangu kunieleza, jasho linamtoka.

"La watu wawili, fundi! La nini?"

Nikamvutia kiti akae.

Jumamosi mchana tulikunywa yangona, kinywaji chetu cha mizizi, barazani kwa binamu yake Peceli. Peceli ni mtani wake wa damu, mtoto wa mjomba, na mtani kwetu ana ruhusa ya kusema lolote na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Sijui nani alimpasha habari. Sio mimi.

"Jamani mmesikia?" akaanza, kifuu cha yangona mkononi. "Binamu yangu anakimbiza magari, huku mwenzake anamlimia shamba!"

Baraza zima likalipuka kwa kicheko.

"Tena anamwagilia!" akasema mwingine.

"Isikeli, punguza mwendo, baba. Utakuta mavuno yameshaliwa!"

Isikeli akapokea kifuu chake, akapiga kofi moja, akanywa, akapiga makofi matatu kama inavyotakiwa. Hakucheka. Nikamwona anatazama ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya Vilikesa, mwalimu wa kwaya. Vilikesa alikuwa mlinzi wa usiku wa hoteli, mchana yuko nyumbani. Alikuwa na bustani ya mboga, na mboga zake aliwapa wake za watu juu ya uzio, huku akiimba. Nami nilikuwa nimeshamfikiria.

Jumanne asubuhi Isikeli alinijia kibandani na nguo za kazi, uso umekauka. Alimdanganya msimamizi wake kwamba jino linamuuma.

"Twende," akasema. "Uwe shahidi."

Nikafunga kibanda. Nisiseme uongo, nilitaka sana kumwona yule mkulima.

Kwetu viatu hubaki mlangoni, kwa hiyo mlango wenyewe hukwambia nani yumo. Kandambili za Mereoni hazikuwapo. Palikuwa na viatu vya wazi vya kiume, vya ngozi, vikubwa, vimelika visigino. Isikeli akaviokota, akavipindua, akavitazama kwa muda mrefu. Ndani tukasikia muziki mwororo wa ile gemu.

"Ni vya Vilikesa?" nikanong'ona.

"Sijawahi kuviona."

Kando ya tangi la maji pameegemezwa mpini wa jembe. Akauchukua. Nilimshika mkono, akaukung'uta, akausukuma mlango kwa bega.

"Toka nje, mbwa wewe!" alipiga kelele. "Toka nikuone hiyo sura yako!"

Juu ya mkeka alikuwa amekaa Bibi Torika, mguu wenye bendeji juu ya mto, pedi ya kuchezea gemu mapajani. Kwenye runinga mtu mwenye kofia alikuwa ananyeshea maboga.

Nimeona mambo mengi ya aibu maishani, lile sitalisahau. Mbele ya mkubwa aliyekaa, mtu huinama, huomba radhi ya kupita. Isikeli alikuwa amesimama wima juu ya mama mkwe wake, mpini umeinuliwa, na maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia tangu amuoe binti yake yalikuwa yale.

Hata angetaka kumjibu, bibi asingeweza kusema naye. Aliiweka pedi juu ya mkeka polepole, akajifunika uso kwa kitambaa, akajivuta kwa makalio hadi nyuma ya pazia, mguu ukimburuzika. Isikeli akaanguka magoti. Akaanza kupiga yale makofi mazito ya kuomba radhi, akilitazama pazia.

Mereoni akaingia kwa mlango wa nyuma na beseni la nguo mbichi. Akamwona mumewe yuko chini. Akauona mpini. Akaniona mimi.

"Fundi, wewe unafanya nini nyumbani kwangu?"

"Tulikuja kuangalia mashine," nikasema.

"Kwa mpini wa jembe?"

Isikeli akafungua mdomo, akasema ukweli wote, vipande vipande: paka, mtu mwenye kofia, benchi, Vilikesa, viatu. Mereoni alisikiliza beseni likiwa kiunoni, maji yakimchuruzika mguuni.

"Viatu ni vya marehemu baba," akasema mwishowe. "Mguu wa mama hauingii kwenye vingine. Wewe ukiwepo hapiti mlango wa mbele, ungeviona wapi?" Akaliweka beseni chini. "Mama amelima tangu utoto. Umemleta hapa, dirisha lake linatazama ukuta. Kila asubuhi analia. Nikamwashia hiyo gemu ili anyamaze, akaipenda. Akaniapisha nisikwambie, maana mkwe hashiki kitu cha mkwewe. Mimi nimwaibishe mama yangu kwa ajili ya gemu?"

"Na yule mwenye kofia?" nikauliza. Najua si wakati wake, lakini ningelala vipi?

"Alibonyeza wa kwanza aliyemwona. Anasema amefanana na baba. Benchi ni lake na baba."

Kosa kama lile haliishi kwa samahani. Jumamosi ile Isikeli akaenda kwa mjomba wake kuomba tabua, jino la nyangumi la kuombea msamaha, tukaketi mkekani nyumbani kwa Isikeli pamoja na wakubwa wa pande zote mbili. Mjomba akaliinua jino kwa mikono miwili, akasema kwa niaba ya Isikeli. Kaka yake Bibi Torika akalipokea, akalibusu, akasema limezika maneno yale, yasitajwe tena. Nyuma ya pazia bibi akatuma neno kwa mjukuu wake: amesamehe, na kama mwenye mashine hatajali, maboga hayajapata maji tangu Jumanne. Watu wakacheka na kupumua. Hata Peceli, aliyekaa kama kanyeshewa, akapata rangi. Isikeli akajifuta uso. Nikamwona mabega yake yakishuka.

Ndipo Mereoni akaingia na sinia la mihogo na chai. Akaliweka chini. Wanawake wengine wakishaandaa hurudi jikoni, yeye akaketi katikati ya mkeka, mbele ya wakubwa, akapanga sulu yake vizuri.

"Baba Litia," akasema, bila kupandisha sauti. "Jino la mama nimeliona, na mama ameridhika. Mama ulimtukana kwa kukosea, hukujua ni yeye. Mimi ulinijua. Ulinishuku kwa makusudi, wiki baada ya wiki, ukirudi nyumbani unakula chakula changu na kulala kitandani kwangu. Ukampa habari fundi, ukacheka na watani."

"Sikucheka," Isikeli akasema.

"Basi. Jino la kwangu liko wapi?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mjomba alimtazama kaka yake bibi, kaka yake bibi akatazama bakuli la yangona. Jino lilikuwa moja tu, na lilikuwa limeshatolewa. Isikeli alinigeukia mimi, nami nikaangalia mkeka. Mereoni hakuinuka.